Maisha ndani ya manowari ya kubeba ndege: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Ukurasa huu ni wa mtu aliyetazama filamu ya televisheni kuhusu manowari ya kubeba ndege, kisha akabaki na maswali ambayo kamera haikuyajibu. Majibu mengi yanahusu manowari za Marekani za aina ya Nimitz, maana ndizo zinazoonekana zaidi kwenye filamu hizi. Kamera hupenda ndege. Siku ya baharia wa kawaida, hata hivyo, hujaa mkate, nguo chafu, foleni na usingizi usiotosha, kwa hiyo na sisi tumekaa zaidi huko.

Ile filamu ya vipindi kumi ilipigwa wapi?

Wanaouliza hivyo kwa kawaida wanakusudia *Carrier*, iliyoonyeshwa na kituo cha televisheni cha PBS cha Marekani mwaka 2008. Ilipigwa mwaka 2005 ndani ya USS Nimitz, katika safari ya miezi sita iliyoanzia San Diego mwezi Mei na kuishia hapohapo Novemba. Nimitz ndiyo ya kwanza kati ya manowari kumi za aina yake, nayo iliingia kazini tarehe 3 Mei 1975. Kwa hiyo watoto wa miaka 19 unaowaona kwenye filamu walikuwa wakiishi ndani ya chuma kilichowazidi umri.

Ina ukubwa gani hasa?

Urefu wake ni mita 333 hivi, upana wa sitaha ya ndege ni mita 77, na ikijaa huwa na uzito wa tani 100,000 hivi. Watu ni kama 5,000. Zaidi ya nusu yao ni wa meli yenyewe, waliobaki ni wa vikosi vya ndege, ambao hupanda na ndege zao safari inapoanza na kushuka nazo inapokwisha. Makundi hayo mawili hutaniana sana: wa meli huwaona wa ndege kama wageni waliozidisha siku.

Watu hawapotei humo ndani?

Hupotea, hasa wiki mbili za kwanza. Dawa yake ni kusoma anwani iliyopakwa rangi ukutani kwenye kila chumba. Chukua 03-75-4-L. Namba ya kwanza ni ghorofa. Sitaha ya banda la ndege ndiyo ya 1. Zilizo chini yake huhesabiwa 2, 3, 4, na zilizo juu yake huandikwa kwa sifuri mbele: 01, 02, 03. Namba ya pili ni taruma (mbavu za meli), zikihesabiwa kutoka omo (mbele) kwenda tezi (nyuma), hivyo namba ikizidi kukua jua unaelekea nyuma ya meli. Ya tatu inaonyesha upande: shufwa ni kushoto, witiri ni kulia, sifuri ni katikati. Herufi ya mwisho ni kazi ya chumba, na L ni makazi ya watu. Hivyo 03-75-4-L ni bweni lililo ghorofa moja chini ya sitaha ya ndege, kwenye taruma la 75, chumba cha pili kushoto kwa mstari wa kati.

King'ora cha kujiandaa kwa vita kikilia, kuna kanuni ya njia: kupanda na kwenda mbele ni upande wa kulia wa meli, kushuka na kurudi nyuma ni kushoto. Anayekwenda kinyume atapigwa kikumbo na umati, wala hakuna atakayemwomba radhi. Na inua miguu. Milango ya chuma ina vizingiti virefu vya kuzuia maji, na mgeni hutambulikana kwa alama za bluu kwenye miundi.

Wanalala vipi?

Baharia wa kawaida hulala kwenye vitanda vya ghorofa tatu, ndani ya bweni linaloweza kuwa na watu sitini na zaidi. Kila mtu ana kitanda chake; hakuna kupokezana kama kwenye baadhi ya nyambizi. Kitanda kina pazia, taa ndogo, na godoro juu ya kifuniko cha chuma. Inua kifuniko, chini yake kuna kisanduku chenye kina cha kiganja kimoja hivi. Humo, pamoja na kabati dogo pembeni, ndimo mali yote ya mtu kwa miezi sita inapokaa.

Kitanda cha kati ndicho kinachogombewa. Cha juu kina mabomba karibu na uso. Cha chini kinakanyagwa na kila anayepanda. Bweni la ghorofa ya 03 lina adha yake, kwani manati ya kurushia ndege ipo juu ya kichwa, na kila ndege inapoondoka chumba kizima hutikisika. Wenyeji wa humo husema baada ya wiki tatu kinachowaamsha ni ukimya.

Taa nyeupe huzimwa saa nne usiku na kuachwa nyekundu. Ila kwa kuwa kuna zamu saa zote, daima kuna mtu amelala, na adabu ya bweni ni moja: hakuna kuwasha taa nyeupe, hakuna kuongea kwa sauti. Mwaka 2017 meli mbili nyingine za jeshi hilo ziligonga meli za biashara na mabaharia 17 wakafa. Baada ya hapo uchovu ulianza kuhesabiwa kuwa hatari, na meli zikaagizwa kupanga zamu zifuate mzunguko wa asili wa usingizi. Kabla yake, kulala saa nne kwa siku kulikuwa jambo la kujisifia.

Wanakula nini, na nani anapika?

Zaidi ya milo 15,000 kwa siku. Kuna asubuhi, mchana, jioni, na mlo wa usiku wa manane kwa ajili ya wa zamu, mfano wa daku, ila huu ni wa mwaka mzima. Mabaharia wapya hawaanzi na kazi waliyosomea. Wengi hupelekwa kwanza jikoni na mabwaloni kwa takriban miezi mitatu, kuosha sinia, kufuta meza na kubeba magunia. Fundi wa rada aliyetoka chuoni na cheti chake hujikuta anamenya viazi.

Mboga mbichi na maziwa huisha kwanza. Ukiona saladi imegeuka kuwa maharage ya kopo na karoti, jua meli ya ugavi imechelewa. Mkate huokwa humohumo kila usiku, na harufu yake ni miongoni mwa vitu vichache vinavyoshinda harufu ya mafuta ya ndege.

Maji ya kunywa yanatoka wapi?

Baharini. Mitambo ya kukenekesha huchemsha maji ya chumvi kwa mvuke na kutoa hadi lita milioni 1.5 kwa siku. Ni mengi, lakini mvuke wa manati na mitambo hutangulia kuchukua fungu lake. Ndege zikiruka kwa wingi, au mtambo mmoja ukiharibika, amri hutolewa ya kuoga kibaharia: jilowanishe nusu dakika, funga, jipake sabuni, fungua tena ujisuuze, toka. Lita 11 hivi zatosha. Waliokulia majumba ya kuchota maji kwa ndoo watacheka kuona hili linafundishwa darasani.

Hatari kubwa ni maji kuchanganyika na mafuta, kwa kuwa matangi yote yamo ndani ya chombo kimoja. Septemba 2022 hilo liliikuta Nimitz yenyewe: mafuta ya ndege yaligunduliwa kwenye maji ya kunywa, mabaharia kadhaa wakaugua, na meli ikarudi San Diego mfumo wa maji ukasafishwe.

Kwa nini vyoo huzungumzwa sana?

Kwa sababu huziba. Kwenye manowari mpya zaidi, George H.W. Bush na Gerald R. Ford, vyoo hunyonya uchafu kwa nguvu ya hewa kama vya ndege ya abiria. Mabomba ni membamba. Mtu akitupa kitambaa au fulana humo, mvuto hupotea na vyoo vingi vya mstari huo hufa kwa pamoja. Tatizo la pili ni ukoko unaojijenga ndani ya bomba. Ripoti ya wakaguzi wa serikali ya Marekani ya mwaka 2020 ilisema kusafisha mfumo huo kwa tindikali hugharimu dola 400,000 hivi kwa kila mara.

Taka nyingine zina taratibu zake. Mabaki ya chakula husagwa na kumwagwa mbali na pwani. Plastiki haimwagwi kamwe: huyeyushwa na kugandamizwa kuwa visahani vinene, vikapangwa stoo hadi bandarini. Plastiki ambayo haikuoshwa mabaki ya samaki hunuka hata baada ya kugandamizwa, ndiyo maana kwenye mlango wa chumba cha taka pana mtu mkali anayekagua mifuko.

Rangi za jezi juu ya sitaha zina maana gani?

Kelele za injini huzidi desibeli 140 na kila mtu amevaa vizibo vya masikio chini ya kofia yenye vifuniko, kwa hiyo watu husemezana kwa mikono na kutambuana kwa rangi.

Njano ni waongozaji: ndege haisogei bila ishara yao, na maafisa wa manati pia ni wa njano. Bluu husukuma ndege, huweka kabari kwenye matairi, huendesha matrekta na lifti. Kijani ni mafundi, pamoja na wahudumu wa manati na wa waya za kunasia ndege zinapotua. Zambarau ni watu wa mafuta, wenzao huwaita zabibu. Nyekundu hushughulikia mabomu na makombora, na vilevile uokoaji na moto. Kahawia ni walezi wa ndege, kila mmoja na ndege yake. Huikagua, huifuta, humfunga rubani mikanda. Nyeupe ni usalama, tiba, na wanaoongoza utuaji.

Kijana wa kahawia mwenye miaka 20 anaweza kuzuia ndege ya mamilioni ya dola isiondoke kwa sababu ameona tone la mafuta pasipo pake. Filamu nyingi humpita huyu mbiombio, na kwa maoni yetu ndiye aliyestahili kipindi kizima.

Manati hufanyaje kazi, na hukosea vipi?

Ni silinda mbili za mvuke chini ya sitaha, zenye pistoni iliyoungwa na kigari kidogo kinachopita kwenye ufa wa sitaha. Gurudumu la mbele la ndege hushikwa na kigari hicho. Nyuma yake huwekwa kishikizi kinachoizuia ndege isiondoke hata injini zikiwa kwenye nguvu zote. Kishikizi huachia tu mvuto unapofika kiwango kilichopangwa. Hapo ndege hutoka sifuri hadi kilomita 265 kwa saa ndani ya sekunde mbili au tatu, kwa umbali usiofika mita 100.

Jambo la kukosea ni uzito. Kabla ya kurusha, mwenye jezi ya kijani humwonyesha rubani kibao chenye namba ya uzito wa ndege. Rubani akikubali, namba hiyohiyo huonyeshwa kwa waendesha mitambo, nao hupanga nguvu ya mvuke. Mvuke ukipungua, ndege haifikii mwendo wa kupaa, itaishia majini mbele ya meli inayokuja. Ukizidi, mguu wa mbele waweza kung'oka. Ndiyo maana kibao hicho huonekana kikiinuliwa kila mara, hata kama rubani ni yuleyule na ndege ni ileile.

Manowari ya Ford, iliyoingia kazini 2017, imeacha mvuke na kutumia sumaku za umeme. Queen Elizabeth ya Uingereza haina manati kabisa: ina mwinuko kwenye omo, na ndege zake hutua kwa kushuka wima.

Na kutua?

Nimitz ina waya nne zilizotandazwa kukata sitaha, zikihesabiwa kutoka tezi. Rubani hulenga ya tatu. Ndege huja kwa mwendo wa kilomita 240 hivi kwa saa, na kulabu ya mkiani inapaswa kuvuka ukingo wa meli ikiwa juu yake mita nne na kitu tu. Akilenga waya ya kwanza anakaribia mno kugonga ukingo huo; akiipita ya nne hakuna cha kumshika.

Ajabu ambayo watazamaji huuliza: mbona injini zinanguruma kwa nguvu zote *baada* ya kugusa sitaha? Ni kwa makusudi. Rubani husukuma nguvu hadi mwisho mara tu magurudumu yanapogusa, ili kulabu ikikosa waya zote aweze kuruka tena. Akinaswa, husimama ndani ya mita 100 hivi.

Kushoto kwa sitaha kuna taa za kumwongoza: taa ya kahawia ya dhahabu katikati ya safu ya kijani. Ikiwa juu ya safu, yuko juu mno. Ikishuka chini na kuwa nyekundu, yuko hatarini. Marubani wenzake husimama pembeni wakimtazama, na wanaweza kuwasha taa za kumfukuza arudi hewani. Kila utuaji hupewa alama, na alama hubandikwa ukutani kwenye chumba cha kikosi ili kila mtu azione. Hakuna kuficha.

Waya nazo hupangwa kwa uzito wa kila ndege, na zina hesabu ya matumizi: zikishanasa mara mia na kidogo hung'olewa. Machi 2016, juu ya manowari ya Eisenhower, waya ilikatika wakati wa kunasa ndege ya rada. Ilirudi ikichapa sitaha na kujeruhi mabaharia wanane. Ndege ilizama machoni pa watu ikapotea chini ya omo, kisha ikaibuka ikipaa. Uchunguzi ulielekeza kwenye hatua ya matengenezo iliyorukwa.

Kwa nini asubuhi wanatembea mstari mmoja wakitazama chini?

Wanaokota. Skrubu moja, kokoto au kipande cha waya kikifyonzwa na injini huharibu mapanga yake. Kila anayeweza kuacha kazi yake kwa muda hujipanga bega kwa bega na kuitembea sitaha yote, mara kadhaa kwa siku. Injini hufyonza na watu pia: mwaka 1991, juu ya manowari ya Theodore Roosevelt, baharia alivutwa ndani ya tundu la injini usiku na akatoka hai.

Moto unaogopwa zaidi ya adui?

Ndiyo. Tarehe 29 Julai 1967, kwenye manowari ya Forrestal katika Ghuba ya Tonkin, pwani ya Vietnam, roketi ilijifyatua kwa hitilafu ya umeme ikatoboa tangi la ndege nyingine. Mabomu yalianza kulipuka baada ya dakika moja na nusu hivi, yakiua wazimamoto waliobobea waliokuwa mbele. Waliobaki walijitahidi, lakini wengine walimwaga povu huku wenzao wakimwaga maji yaliyoliosha povu lilelile. Watu 134 walikufa. Mwaka 1969 Enterprise ikaungua karibu na Hawaii, wakafa 28.

Matokeo yake unayaona hadi leo: mpishi, kinyozi na karani wote hufundishwa kushika mpira wa maji, na kwenye sitaha kuna matundu ya kumwaga povu yanayofunguliwa kwa swichi.

Mtu akianguka baharini?

Anayemwona hutupa boya la moshi na kupiga kelele, honi hupigwa mara sita, helikopta na mashua hutoka. Wakati huohuo watu wote 5,000 huhesabiwa, idara kwa idara, maana lazima lipatikane jina la asiyekuwepo. Aliyelala akakosa kuitika huwafanya mamia wamtafute ilhali anakoroma, na ataisikia habari yake kwa miezi. Watu wa sitaha huvaa jaketi linalojaa hewa, lenye taa inayojiwasha ikilowa.

Ina nyuklia, mbona meli ya mafuta huja ubavuni?

Vinu viwili huendesha meli, na hujazwa nishati upya mara moja tu katika umri wa miaka 50. Ila ndege hazili nyuklia. Meli hubeba lita milioni 11 hivi za mafuta ya ndege, nazo huisha, kama kinavyoisha chakula. Meli ya ugavi hukaa ubavuni kwa umbali wa mita 50 hivi, zote zikienda fundo 13 (kilomita 24 hivi kwa saa), mipira na kamba zikipita juu, kwa muda wa saa tatu au nne. Zikikaribiana mno maji kati yake huzivuta zigongane, hivyo mshika usukani wa siku hiyo huchaguliwa kwa makini.

Pombe inaruhusiwa?

Kwenye meli za jeshi la Marekani, hapana, tangu Julai 1914. Msamaha ni mmoja: ikifika siku ya 45 mfululizo baharini, wakubwa wanaweza kuruhusu bia mbili kwa kila mtu. Waingereza na Wafaransa wana sheria laini zaidi.

Simu na intaneti?

Ipo, polepole na kwa foleni. Hukatwa ghafla kabla ya operesheni au mtu akifariki, ili jamaa wasipate habari mtandaoni kabla ya kuambiwa rasmi. Ukiwa na ndugu humo na amenyamaza siku tatu, mara nyingi sababu ndiyo hiyo.

Ziliwahi kufika Afrika Mashariki?

Ndiyo, Mombasa. Februari 1977 Enterprise ilikuwa imetoka tu huko, ikijiandaa kurudi nyumbani baada ya miezi saba, Idi Amin alipowazuia Wamarekani kuondoka Uganda. Ikaamriwa ibaki, ikazungukazunguka pwani yetu kama wiki moja hadi Amin alipolegeza.

Mombasa ina jambo jingine: iko nyuzi nne kusini ya ikweta, kwa hiyo meli inayotoka Ghuba ya Uajemi lazima ivuke mstari huo. Siku hiyo huwa na sherehe. Wasiowahi kuvuka, wanaoitwa viluwiluwi, hushtakiwa mbele ya mfalme wa bahari, hulowanishwa, hutambaa kwenye uchafu wa jikoni, kisha hupewa cheti. Zamani ilikuwa na vipigo. Siku hizi ni hiari na inasimamiwa.

Mtu aliyezaliwa Kenya au Tanzania anaweza kufanya kazi humo?

Mwenye ukaazi wa kudumu wa Marekani anaweza kujiunga kama askari wa kawaida na kuomba uraia akiwa kazini. Kazi zinazohitaji kibali cha siri, ikiwemo ya vinu vya nyuklia, ni za raia tu, na afisa lazima awe raia. Miongoni mwa milango iliyo wazi kwa mkaazi ni ya mapishi, ugavi na sitaha, na hata mwenye shahada ataanza na yale mabwalo tuliyoyataja juu.